Gari jekundu la spoti na la kijivu la familia: siku ukoo uliponiuliza lipi ni gari

Wakuu, nawasalimu kutoka Tunduma, ambako foleni ya malori ipo palepale mlipoiacha.

Mimi humu jukwaani ni msomaji tu. Darasa la saba nilimaliza, mengine nimefundishwa na soko. Ila nimeusoma ule uzi wa vijana wanaotukanana juu ya magari ya spoti ya zamani na magari ya familia ya kisasa, kurasa kwa kurasa, nikaona wengi wanaotukana wanatazama picha tu.

Mimi nimeishi na yote mawili. Yamekaa uani kwangu ubavu kwa ubavu, nimeyaanikia nguo juu.

Nitaandika kama ilivyokuwa, na pale ninapoonekana mjinga nitapaacha hivyohivyo. Kampuni zilizoyatengeneza sitazitaja, maana mashabiki wao nimewaona humu, ni wakali kuliko waumini.

Mume wangu alifariki masika yaliyopita. Nitamwita Baba Atu, kwa jina la binti yetu mkubwa, Atupele. Alikuwa na duka la spea za malori hapa mjini. Mtu makini, nati moja akiuza anaikagua kwanza. Kwenye jambo moja tu akili ilimtoka, nalo ndilo ninalolileta hapa.

Pole zenu nimeshazipokea. Tuendelee.

Jekundu alilipata kwa mkulima mmoja upande wa Zambia, mbele ya Nakonde. Lilikuwa limefunikwa turubai kwenye banda la trekta.

Sasa mtu anakuuzia gari, halafu kamba ya kulivutia anakupa bure, chai anakupa, na mpaka getini anakusindikiza huku anacheka. Mimi ningejiuliza. Baba Atu hakujiuliza.

Liliingia Tanzania likivutwa na lori la mbolea.

Wakuu, ni gari zuri, sitadanganya. Boneti ndefu, nyuma fupi, taa za mviringo zinakutazama kama zinakudai salamu. Wazambia waliokuja kununua mchele kwangu walikuwa wanaacha kupatana bei, wanatoka kwenda kulipiga picha, "bwino, bwino sana", yaani zuri, zuri sana. Hapo ndipo uzuri wake ulipoishia.

Lina milango miwili na viti viwili. Nyuma ya viti kuna nafasi ya mkoba wa mwanamke asiye na mambo mengi. Sisi tulikuwa watu watano.

Jumapili mimi na Baba Atu tulipanda jekundu, watoto walipanda bajaji. Kila tulipofika kanisani tuliwakuta watoto wameshakaa kwenye ngazi wanatusubiri, na bajaji imeshaondoka.

Kulipanda kwenyewe ni kazi. Limelala chini kama mkeka. Ukiwa umevaa kitenge unatanguliza makalio, unajiachia kama unatumbukia shimoni, halafu unavuta mguu mmoja, unapumzika, unavuta wa pili. Kutoka ndiyo kubaya zaidi. Mama mchungaji aliwahi kunivuta kwa mikono yote miwili mbele ya kwaya nzima, na kwaya ilikuwa imeshajipanga.

Ndani, joto la injini linakuja miguuni, na harufu ya petroli inakaa kwenye nywele mpaka Jumanne. Kioo cha upande wangu kikishuka hakipandi. Kwenye barabara yetu hii ya malori unajikuta tairi la lori liko juu ya kichwa chako na dereva wake hajui kama upo duniani. Unapiga honi. Honi yenyewe inalia kama filimbi ya refa.

Siku moja tulikuwa tunakwenda harusini Mbeya. Pale Nanyala kuna tuta. Jekundu likapandisha miguu ya mbele, likakaa kwa tumbo, basi. Magurudumu ya mbele yananing'inia hewani. Nyuma yetu malori yakaanza kupanga mstari.

Akina mama wauza parachichi wakaja na mabeseni yao. Mmoja akainama dirishani kwangu, akalitazama gari, akanitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya kunionea huruma, "Dada, limeatamia?"

Wanaume wa pale wakalinyanyua kama wanahamisha kitanda. Baba Atu akapangusa vumbi kwenye boneti, akarudi kwenye usukani, akaniambia gari hili lina roho. Nikamwambia roho tunazo za kutosha, tulichokosa ni magurudumu. Alicheka mpaka Mbalizi.

La kijivu lilikuja kwa sababu ya Tusekile.

Tusekile ni mtoto wetu wa mwisho, ana selimundu. Wenye mgonjwa wa hivyo nyumbani mnajua. Maumivu yakimshika kwenye viungo hayangoji basi lijaze abiria, na kliniki yake iko Mbeya. Siku moja yalimshika asubuhi, tukambeba, na jekundu likagoma kuwaka. Majirani wakasukuma mpaka kona. Likagoma. Wakasukuma tena mpaka msikitini. Mteja wangu mmoja wa mchele akatuchukua kwenye pikapu yake, mtoto amelala juu ya magunia.

Baba Atu alimkinga upepo kwa koti lake njia nzima. Tuliporudi alikwenda kununua la kijivu, bila kuniuliza, na bila kusema lina roho.

La kijivu ni gari la familia la milango minne, la miaka hii hii. Wakuu, halina hadithi yoyote. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Unaliwasha, linawaka. Unabonyeza ubaridi, ubaridi unakuja. Tusekile analala kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwangu, na matuta yote yale yanapita kama hayakuwekwa. Buti linabeba magunia yangu ya maharage. Hakuna mtu aliyewahi kulipiga picha. Hata mwizi wa vioo vya pembeni aliingia mtaani kwetu akaliruka, akachukua vya jirani.

Baba Atu alilidharau mpaka mwisho. Jekundu alilifuta kwa fulana yake mwenyewe. La kijivu lilioshwa na mvua.

Alianguka dukani asubuhi moja. Ni presha. Tulimzika kwao, Ikinga, kule Ileje.

Wakati wa msiba, kabla hatujasafirisha mwili, watu walijaa uani kwangu. La kijivu halikuzima injini. Lilifuata unga, lilifuata maji, lilibeba mabibi wenye miguu mibovu. Jekundu lilipokea wageni. Mimi niko ndani kwenye mkeka nalia, na dirishani nasikia vijana wa ukoo wanaambiana, "Sogea kidogo, taa ionekane."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Katika ukoo wa mume wangu, matanga yakishaisha wazee wanakuja kukaa kikao juu ya vitu vya marehemu. Nyumba na biashara ni vya mjane na watoto, hilo hawana shida nalo. Lakini vitu vya kiume vikiwa viwili, kimoja kinakwenda kwa kaka yake, na kaka ndiye anayechagua kwanza. Zamani ilikuwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Siku hizi imekuwa magari.

Najua mtaniambia kuna sheria, kuna mahakama. Ipo. Lakini watoto wangu wamebakiwa na baba wakubwa na baba wadogo tu, na mimi sikutaka wawe wanakutana nao kortini. Mnaweza kunilaumu kwa hilo.

Kaka mkubwa wa Baba Atu nitamwita Shemeji. Ananunua mahindi vijijini na kuyauza mpakani Isongole. Siyo mtu mbaya. Ila ni mtu ambaye hata ukimpa maji ya kunywa anayatazama kwanza kwenye mwanga.

Walikuja na Noah ya kukodi. Shemeji alishuka akaenda moja kwa moja kwenye la kijivu. Akalizunguka. Akafungua buti. Akalala chini kwa suruali yake safi akachungulia. Akaniuliza linakula mafuta namna gani, nikamwambia linakula kidogo. Akasema kumbe linafaa kuwa teksi pale Isongole.

Jekundu hata hakuligusa.

Nilikuwa nawaza siku Tusekile atakapoanza kulia, na uani kwangu limebaki lile linaloatamia.

Tukakaa sebuleni. Mkubwa wa kikao alikuwa Baba Mdogo, yaani baba mdogo wa marehemu, mzee asiye na haraka. Akasema wao ni watu wa kijijini, magari wanayaona yakipita. Akanigeukia.

"Mama Atu, wewe umekaa nayo yote mawili. Tuambie mbele ya marehemu, lipi ni gari?"

Wakuu, hapo nilikuwa na njia. Ningesema la kijivu gia yake ina ugonjwa. Ningesema linakunywa oili. Nani angejua? Shemeji angelikimbia mara moja.

Lakini nimeulizwa mbele ya marehemu, na udongo wa kaburi lake bado haujashikana. Halafu mimi uongo unanikaa usoni kama masizi, hata watoto wangu wanauona.

Nikasema kweli. Nikasema jekundu ni la kutazama. Haliwaki asubuhi kukiwa na baridi, halina nafasi ya mtoto, likikuta tuta linakaa, likikuta tope ndiyo kabisa, na spea zake marehemu alizitafuta mpaka Lusaka hakuzipata. Nikasema la kijivu ndilo gari, halijawahi kutuacha njiani. Nikaanza kusema kwamba nawaomba, kama itawapendeza...

Shemeji akanikata. Alikuwa anatabasamu.

"Shemeji, mimi nanunua mahindi mwaka mzima. Mkulima akiyasifia mahindi yake, najua yana wadudu. Akiyaponda mbele yangu, najua hataki yaondoke."

Wazee wengine wakaguna kwa kukubali. Wifi yangu, dada wa Shemeji na marehemu, akanitazama kwa jicho la kusema leo umekamatwa. Watu wa mpakani, wakuu. Kwetu huku hakuna anayetaja kitu anachokitaka. Ukitaka debe la mchele unaanza kwa kuusikitikia. Shemeji hakusikia maneno yangu, alisikia bei.

Akasema anachukua jekundu.

Nikamwambia, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga, "Shemeji, jekundu halitakufikisha Ikinga."

"Mnaona?" akawaambia wazee.

Ikaandaliwa safari. Jekundu, kama kawaida yake, halikuwaka. Wazee waliokuja kukaa kikao kwa heshima zao wakavua makoti, wakalisukuma kwenye vumbi la mtaa wetu, mmoja kandambili zikabaki nyuma. Lilipokohoa na kuwaka walipiga makofi. Shemeji kwenye usukani, magoti yamefika karibu na kidevu. Wifi pembeni, ameshatumbukia, kilemba tu ndicho kinachoonekana.

Nilikwenda dirishani nikawaambia wabebe kamba, na lami ikiisha waliache kwa mtu. Shemeji akamwambia wifi, kwa sauti ya kunisikilizisha, "Bado analitaka."

Nikarudi ndani. Nilimkuta Tusekile amekaa, nikakaa naye. Nilikuwa nimesema kweli yote niliyokuwa nayo, na la kijivu lilikuwa bado uani kwangu. Sikujua nimshukuru nani, kwa hiyo nikapika.

Yaliyofuata niliyasikia kwa simu. Kwenye lami jekundu lilikwenda, tena watu walipungia mikono njia nzima, Shemeji akawa anapunga naye. Lami ilipoisha, mvua ilikuwa imenyesha. Kuna udongo mwekundu kule unaoshika kama ugali. Likakaa kwa tumbo. Noah iliyokuwa nyuma ikajaribu kulivuta, ikavuta bampa, ikaondoka nayo kipande kizuri kabla dereva hajashtuka.

Mwisho walikodi ng'ombe. Jekundu liliingia Ikinga likikokotwa na ng'ombe, Shemeji akiwa ndani kwenye usukani, kwa sababu lazima mtu alielekeze. Watoto wa shule walikuwa wametoka kwa chakula cha mchana. Kijiji kizima kiliona.

Shemeji alinipigia kuniuliza nimetoa kitu gani kwenye gari kabla hawajaondoka. Nikamwambia nimetoa mkoba wangu. Akakata simu.

Kiangazi kilipoingia nilikwenda Ikinga kujengea kaburi. Nilibeba saruji kwenye buti la kijivu, na Tusekile kiti cha nyuma. Nakiri mbele yenu mashabiki wa magari ya familia: la kijivu nalo siyo trekta. Lami ilipoishia nililiacha kwa mama mmoja wa duka, tukapanda pikipiki. Hilo ndilo nililokuwa nimewaambia wao.

Jekundu nililikuta pembeni ya nyumba ya Shemeji, chini ya upenu. Kuku wamelizoea.

Baada ya kazi ya kaburi Shemeji akaomba wazee wakae. Akasema siku ile ya Tunduma kikao hakikwenda sawa, alipewa kitu kibovu, anaomba tubadilishane. La kijivu litoke, jekundu lirudi.

Nilimtazama Tusekile, alikuwa anachambua maharage na binamu zake. Nikangoja.

Baba Mdogo akamwambia Shemeji, "Masikio yangu yamezeeka. Siku ile Mama Atu alisema nini? Hebu rudia wewe."

Shemeji akasema hakumbuki. Baba Mdogo akasema atangoja akumbuke.

Basi akarudia, anatazama chini. Alisema halina nafasi ya mtoto. Alisema asubuhi haliwaki. Alisema likikuta tope linakaa.

"Na la kijivu?"

"Alisema ndilo gari."

"Kwa hiyo shauri lako, mwanangu, ni kwamba uliambiwa ukweli."

Wazee walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Wifi naye alicheka, na hapo nikajua yamekwisha. Baba Mdogo akasema la kijivu ni miguu ya Tusekile na hataki kulisikia tena kwenye kikao chochote akiwa hai.

Jioni Shemeji alinifuata jikoni. Nilidhani anakuja kunigombeza. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, na naapa alikuwa anauliza kwa moyo wote, kama mtu aliyeonewa.

"Lakini shemeji, kwa nini hukudanganya kama watu wengine? Ningekuelewa."

Nilimpakulia chakula.

Kuna jambo lingine moja, kisha namaliza. Kesho yake kabla hatujaondoka nilikwenda kulitazama jekundu. Nikawafukuza kuku. Nikatumbukia kwenye kiti changu cha upande wa kushoto, mguu mmoja, halafu wa pili, nikafunga mlango. Usukani umechakaa pale Baba Atu alipokuwa anaweka dole gumba. Kumbe nilikuwa nimeikosa hata ile harufu ya petroli.

Vijana wa ule uzi, jibu langu ni la kijivu. Niliwaambia wazee hivyo, naliandika tena hapa. Kama una mtoto, nunua la kijivu. Kama una mgonjwa, nunua la kijivu. Na ukiulizwa jambo mbele ya watu, sema kweli hata kama kuna kitu chako kinaning'inia hapo. Mimi nilikipata kwa sababu hawakuniamini, lakini kama wangeniamini nikakikosa, ningesema vilevile, halafu ningelia njia nzima ya kwenda Mbeya kwa basi.

Uwanja ni wenu, changieni. Wanaotaka kunicheka wacheke, na wanaotaka kulinunua jekundu wamtafute Shemeji Ikinga. Akianza kulisifia, mtajua wenyewe.

Ila mkinitaka nieleze nilikaa ndani ya jekundu muda gani siku ile, sijui. Niliitwa kula, nikasema nakuja. Wakaniita tena, nikasema nakuja. Mwisho wifi alikuja mwenyewe, akanitazama dirishani, akaninyooshea mikono yote miwili, akanivuta.